Mzani wa Jikoni na Sabuni ya Mawese

Kila mwezi Juni unapoingia hapa Mbeya, upepo wa asubuhi ukianza kushuka kutoka mlima Loleza na jua la mchana likawa linawaka bila kupasha joto, shangazi yangu huanza kutembea kwa kuchechemea. Magaga yake hupasuka hadi kutoa damu, na kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa mafuta ya mgando, soksi mbili na manung'uniko. Nilianza kutengeneza mafuta ya kupaka nyumbani kwa sababu ya visigino vyake, wala sikuwa na nia ya biashara. Sabuni ilikuja baadaye, na sabuni ndiyo iliyonifundisha kwamba kifaa cha kwanza cha kazi hii ni mzani.

Nieleze kwanza jambo la ngozi kukauka, maana wengi tunalielewa kinyume. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, kwa hiyo maji yaliyomo katika ngozi hutoka kwa urahisi. Na sisi wa nyanda za juu tunaongeza tatizo kwa kuoga maji ya moto sana, ambayo huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoke. Mafuta ya kupaka hayaleti maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyomo, na ndiyo maana anayejipaka akiwa amekwisha kukauka kabisa, huku ngozi ikiwa imepauka, hulalamika kwamba mafuta hayamsaidii. Shangazi nilimwelekeza aloweke miguu katika maji ya vuguvugu, aifute kidogo tu, kisha apake ingali na unyevu na kuvaa soksi. Badiliko hilo peke yake lilimsaidia kabla hata sijatengeneza kitu chochote.

Mafuta magumu ya kupaka ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, nami humshauri kila anayeanza aanzie hapo. Yanahitaji nta ya nyuki na mafuta ya maji, basi. Nta ninayoitumia hutoka kwa wafugaji nyuki wa upande wa Chunya, na huja ikiwa na vipande vya masega na hata miguu ya nyuki, kwa hiyo huiyeyusha kwanza ndani ya sufuria yenye maji, nikaichuja kwa kitambaa na kuiacha ipoe usiku kucha. Asubuhi nta huwa imeganda juu kama sahani, na uchafu umeshika upande wa chini, ambao naukwangua kwa kisu. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na kwa kuwa mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yetu huchemka yakiwa na nyuzijoto 94 tu au karibu na hapo, joto ambalo bado linatosha kabisa. Bakuli la nta na mafuta hukaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe halikai juu ya moto wenyewe, maana nta iliyopitiliza joto huwaka, na moto wa mafuta hauzimwi kwa maji.

Kipimo changu ni gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta. Nilikiona kuwa kipimo kamili hadi nilipotuma vikopo sita kwa dada yangu Kyela. Huko ni bondeni kando ya Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake si la kwetu. Alinipigia simu akiuliza kama nimemtumia mafuta ya kupaka au uji. Kile kinachokaa kigumu kwenye rafu yangu huku Uyole, Mbeya, kilikuwa kimelainika ndani ya basi na kupenya kwenye nguo alizotumiwa pamoja nacho. Sasa mzigo wa Kyela huupima gramu 35 za nta kwa gramu 100 za mafuta, na ule wa kwetu hubaki vilevile. Mafuta ya nazi yanaonyesha tofauti hiyo kwa namna ya kuchekesha zaidi, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25: mtu wa Dar es Salaam huyamimina kama maji, na mimi hapa mwezi Julai huyachimba kwa kijiko.

Kuhusu mafuta yenyewe, nilianza na parachichi, kama ambavyo yeyote anayeishi karibu na Rungwe angefanya. Wakati wa mavuno ya parachichi aina ya Hass, matunda yenye makovu au madogo kuliko kipimo cha soko la nje huuzwa kwa bei ya kutupa, na roho huuma kuyaona yakiozea barabarani. Niliponda matunda yaliyoiva vizuri, nikayapika kwa moto mdogo nikikoroga muda wote hadi maji yakakauka na mafuta ya kijani yakaanza kujitenga, kisha nikakamua kwa kitambaa kizito. Ni kazi ya nusu siku, mikono huchoka, na kinachopatikana ni kidogo kiasi cha kuvunja moyo. Ni lazima pia mafuta hayo yarudishwe motoni hadi vipovu vikome, kwa kuwa tone la maji likibaki chupa nzima huchacha. Ninayapenda mafuta ya parachichi na ngozi yangu inayapenda, ila kwa matumizi ya kila siku nimehamia kwenye alizeti inayokamuliwa kwenye mashine za huku huku, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu mwenye ngozi kavu anayepaka alizeti kila siku ana nafuu kuliko anayesubiri parachichi la kukamua mwenyewe mara mbili kwa mwaka.

Sasa sabuni. Bibi yangu aliosha vyombo kwa majivu, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu ya umaskini tu. Majivu yana magadi ndani yake, na magadi yakikutana na mafuta kwenye sufuria huanza kugeuza mafuta hayo kuwa kitu kinachofanana na sabuni. Sisi tunatumia kostiki soda kutoka dukani, ambayo ni kali mno kuliko majivu ya bibi, na ukali huo ndio sababu ya mimi kusisitiza mzani hadi watu wananichoka.

Nilijifunza kwa karatasi ya mafunzo ya siku moja ambayo rafiki yangu aliniazima. Karatasi ilisema kikombe kimoja cha kostiki kwa vikombe kadhaa vya mafuta ya kula, na haikusema ni mafuta gani. Nilifuata. Sabuni iliganda vizuri, ikakatika vizuri, ikapendeza. Nilipoitumia kuosha vyombo kwa siku tatu ngozi ya vidole vyangu ikababuka na kucha zikawaka moto. Kosa lilikuwa mara mbili. Kwanza, kostiki huuzwa ikiwa punje, vipande au bapa nyembamba, na kikombe cha punje ndogo kina uzito mkubwa kuliko kikombe cha bapa, kwa hiyo kikombe hakipimi kitu. Pili, kila aina ya mafuta ina mahitaji yake. Gramu 100 za mafuta ya nazi huhitaji gramu 18 na kidogo za kostiki ili yote yageuke sabuni, mawese huhitaji gramu 14 na kidogo, na alizeti na parachichi huhitaji gramu 13 na kitu. Anayebadilisha nazi kwa alizeti bila kubadilisha kostiki ameacha ndani ya sabuni yake kostiki isiyo na mafuta ya kula, nayo itakula ngozi badala yake.

Nilinunua mzani wa kidijitali wa jikoni unaosoma gramu moja moja, nikaupangia sehemu yake kabatini, na tangu siku hiyo sijaunguza mtu. Mchanganyiko ninaoutumia zaidi una mafuta kilo moja: mawese ya Kyela gramu 450 kwa ajili ya ugumu, nazi gramu 250 kwa ajili ya povu, alizeti gramu 200, na parachichi gramu 100 nikiwa nalo. Kwa hesabu ya kila mafuta mchanganyiko huo ungehitaji karibu gramu 150 za kostiki, lakini mimi hutia 142 tu. Upungufu huo wa asilimia 5 ni wa makusudi, ili sehemu ndogo ya mafuta ibaki bila kugeuka na kuilinda ngozi, na pia ili nikikosea kidogo kwenye mzani kosa liangukie upande salama. Maji ni gramu 330, nayo huyapima kwenye mzani pia.

Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, taratibu, huku ukikoroga. Ukimwagia maji juu ya kostiki hulipuka na kurusha matone, na tone moja kwenye jicho linatosha kuharibu kuona. Maji hayo hupanda joto yenyewe bila moto hadi kukaribia kuchemka na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo kazi hiyo huifanyia nje, chini ya mti, nikiwa nimevaa glovu, miwani na mikono mirefu, na watoto wamekwenda shule. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Ushauri wa kupaka siki ninausikia kila mahali nao si wa kufuatwa. Na kostiki isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, maana mtoto anayeona chupa anaona kinywaji. Ikitokea akameza, asilazimishwe kutapika, kwani ile iliyounguza ikishuka huunguza tena ikipanda. Apelekwe hospitali haraka.

Sufuria pia ina maneno yake. Mara ya pili kutengeneza, nilitumia sufuria ya kawaida ya alumini, ile tunayopikia wali, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Kostiki ilianza kutoa povu jeusi na kunguruma kama inachemka. Alumini na kostiki vikikutana hula kila kimoja chenzake na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka, na sufuria yangu ilibaki na matundu. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na mwiko wa plastiki ambao hautarudi tena jikoni.

Kisha kuna jambo ambalo sijaliona kwenye karatasi yoyote ya mafunzo, nadhani kwa sababu nyingi huandikwa na watu wa pwani. Mchanganyiko wa mafuta na kostiki hukorogwa hadi ushike uzito wa uji mwepesi, ambapo ukidondosha tone juu yake linaacha alama kabla ya kuzama. Hiyo ndiyo dalili ya kumimina kwenye kibao, yaani chombo cha kugandishia sabuni. Mwezi Julai mwaka juzi uji wangu ulishika haraka kuliko kawaida, nikafurahi, nikamimina; kesho yake nikakuta kibao kina tabaka la mafuta ya rangi ya machungwa juu na maji makali chini. Uji ule ulikuwa wa uongo. Jikoni kulikuwa na baridi, mawese yalikuwa yameanza kuganda kwa baridi, na mimi nikadhani yameanza kuwa sabuni. Tangu hapo, wakati wa kipupwe, mafuta huyapasha hadi yaangaze yote bila chembe, huyachanganya na kostiki vyote vikiwa na joto la nyuzi 40 hadi 45, na kibao hukifunika kwa blanketi kuukuu hadi asubuhi. Kipimajoto cha jikoni kinatosha. Asiye nacho aguse chombo kwa nje: kiwe na joto kama la maji ya kumwogeshea mtoto au kuzidi kidogo, na kamwe asitumbukize kidole.

Sabuni ikikatwa haitumiki siku hiyo. Huipanga juu ya kabati, vipande vikipishana ili hewa ipite, ikakaa wiki nne hadi sita. Huku kwetu kwenye baridi mimi huipa sita. Maji yaliyobaki hutoka, kipande hugumuka na hakiyeyuki haraka bafuni. Rangi ya machungwa ya mawese hupauka taratibu kwa mwanga, nayo si dosari. Watu huniuliza kama glisirini nimeitia. Sijaitia, hujizalisha yenyewe mafuta yanapogeuka sabuni, na tofauti ni kwamba viwanda vingi huitoa na kuiuza pembeni, wakati sisi wa nyumbani huiacha ndani ya sabuni.

Wengine huniomba sabuni yenye uchachu sawa na wa ngozi, yaani pH ya 5 au karibu na hapo. Sabuni ya kweli haiwezi kufika huko. Iko kwenye 9 au 10, na hiyo ndiyo hali yake. Ukitia limau ili kuishusha, tindikali ya limau huivunja na kuigeuza kuwa tindikali za mafuta, na ulichopika kinaharibika. Mwenye ngozi inayowasha sana au yenye ukurutu atafute ushauri wa daktari wa ngozi kabla ya kununua kipande changu.

Limau limenikumbusha mengine. Kujisugua limau au ndimu usoni na kutoka kwenda shambani ni njia ya uhakika ya kupata madoa meusi, kwa kuwa majimaji ya matunda hayo yakipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. Kikwapa nacho hakihitaji mambo mengi: kipande cha shabu kinacholoweshwa na kupitishwa kwenye kwapa safi hufanya kazi, kwa sababu harufu hutokana na bakteria wanaokula jasho, na shabu huwapa hali ngumu. Soda ya kuokea, inayosifiwa sana mitandaoni, iliniletea upele mwekundu ndani ya wiki moja. Kwa dawa ya meno ya mkaa sina neno jema. Husugua meno kupita kiasi na mara nyingi haina floridi, na meno hayaoti upya.

Na kuhusu jua, tusidanganyike na baridi. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo miale inayounguza ngozi inavyozidi, na Mbeya, Iringa na Njombe zote ziko juu. Hakuna mafuta ya jikoni, iwe ya nazi au ya karoti, yanayoweza kuchukua nafasi ya losheni ya jua iliyopimwa maabara. Kwa ndugu zetu wenye ualbino jambo hili ni la uhai. Ndiyo maana hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza losheni maalumu kwa ajili yao.

Vitu vyenye maji ndani ndivyo ninavyoviogopa zaidi. Nta na mafuta peke yake hukaa miezi, kwa kuwa bakteria na ukungu huhitaji maji ili waishi. Ukikoroga mshubiri, maziwa, maji ya waridi au parachichi bichi ndani ya krimu, umewaandalia karamu, na krimu inaweza kuwa imejaa vijidudu siku kadhaa kabla ya kubadilika rangi au harufu. Barakoa ya parachichi na asali huitengeneza kwa ajili ya uso mmoja na jioni moja. Kinachobaki hakirudi kwenye jokofu. Kwenye mafunzo ya sabuni ya maji wengi hufundishwa kutia formalini ili isiharibike. Formalini huwasha macho na pua, na wataalamu wa kimataifa wa saratani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa sababu hiyo sabuni ya maji sitengenezi, ingawa ndiyo inayouzika kwa haraka.

Kuna pia wanaonifuata kwa sauti ya chini wakiniuliza kama ninaweza kuwachanganyia kitu cha kung'arisha. Siwezi. Mkorogo tunaujua sote: haidrokwinoni, zebaki, dawa kali za steroidi zinazopunguza unene wa ngozi hadi mishipa inaonekana. Zebaki hupenya na kuharibu figo. Kuiita bidhaa "ya asili" hakuiondoi zebaki iliyomo.

Majirani sasa wanataka kununua, na hapo mambo hubadilika. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS, shirika la viwango, kutoka mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na kwa mtu mdogo kama mimi mlango wa kuanzia ni SIDO, shirika la viwanda vidogo. Nimeanza kuandika daftari: tarehe ya kupika, uzito wa kila mafuta, uzito wa kostiki, hali ya hewa ya siku hiyo, na aliyechukua vipande. Nitakapoulizwa sabuni fulani ilikuwa na nini, nataka niweze kufungua ukurasa na kujibu.

Shangazi naye alikuja Jumapili iliyopita kurudisha kikopo kitupu. Nilimwamkia, akaitika, akavua soksi bila kuombwa na kunionyesha visigino vyake. Vilikuwa laini, na ile mipasuko mikubwa ilikuwa imejifunga.

"Mwanangu, dawa yako inafanya kazi," akasema, "ila inanuka mzinga. Kanisani watoto wananinusa."

Nimemwekea cha Juni ijayo, chenye nta iliyochujwa mara mbili.